Damu Ikizidi Kiasi: Tujue Inasababishwa na Nini

(Maneno yaliyosemwa mbele ya vikundi vya kujisaidia vilivyokutana Murera)



Kila tukikutana tumezoea kuzungumza juu ya upungufu wa damu. Tumefundishana juu ya mboga za kienyeji, juu ya tembe za madini ya chuma kwa mama mjamzito, na juu ya neti za mbu. Hayo yote bado ni kweli, na hatuyafuti. Lakini leo tumeombwa tuzungumze juu ya kinyume chake, yaani mtu ambaye damu yake imezidi kiasi.

Wengi wetu tukisikia hivyo tunacheka. Damu inaweza kuzidi namna gani? Mtu akitoka maabara na karatasi inayosema HB yake ni 19, wenzake humpongeza. Wanamwambia, "Wewe una nguvu, umekula vizuri." Karatasi inawekwa chini ya godoro na mambo yanaishia hapo. Ndugu zangu, karatasi hiyo sio cheti cha afya. Mara nyingi ni barua ambayo mwili unatuandikia kusema kwamba hewa haiutoshi. Hilo ndilo neno moja tunalotaka kila mmoja aende nalo nyumbani leo.

KWANZA TUSICHANGANYE MANENO

Hapa kwetu mtu mwenye presha huambiwa "ana damu nyingi" au "damu imepanda". Hayo ni mambo mawili tofauti. Presha ni nguvu ya damu inavyosukuma mishipa, kama vile maji yanavyosukuma paipu. Hupimwa kwa kile kitambaa kinachofungwa mkononi. Damu iliyozidi tunayosema leo ni wingi wa chembe nyekundu ndani ya damu yenyewe. Hiyo hupimwa kwa kutoa damu kidogo na kuipeleka maabara.

Mtu anaweza kuwa na presha na HB yake iwe chini. Mwingine anaweza kuwa na yote mawili. Kwa hiyo ukiambiwa "damu yako iko juu", usiogope kuuliza: "Daktari, ni presha au ni HB?" Swali hilo halina gharama.

CHEMBE NYEKUNDU ZINAFANYA KAZI GANI?

Katika tone la damu lililo dogo kama punje ya sukari kuna chembe nyekundu karibu milioni 5. Kila chembe huishi siku kama 120, kisha hufa na nyingine kuchukua nafasi yake. Hutengenezwa ndani ya mifupa, katika ule uboho. Kazi yake ni kubeba. Inachukua hewa ya oksijeni kutoka kwenye mapafu na kuipeleka mpaka kwenye ubongo, moyo, misuli, na hata kidole cha mguu.

Nani anaamua chembe ziwe ngapi? Ni figo. Figo zikiona oksijeni inayofika ni kidogo, hutoa homoni iitwayo EPO. Homoni hiyo huenda kwenye uboho na kuuambia, "Ongeza chembe!"

Sisi watu wa kahawa tunaweza kuelewa jambo hili kwa urahisi. Meneja wa shamba akiona magunia hayafiki kiwandani, anaita vibarua zaidi. Kama vibarua walikuwa wachache kweli, kazi itaendelea vizuri. Lakini kama shida ni barabara iliyobomoka, vibarua wakiongezeka watasongamana tu njiani, na magunia bado hayafiki. Damu ni hivyo hivyo. Chembe zikizidi sana damu huwa nzito. Hupita polepole kwenye mishipa midogo, na inaweza kuganda mahali isipotakiwa kuganda. Ikiganda kwenye ubongo ni kiharusi. Ikiganda kwenye moyo ni shambulio la moyo. Ikiganda kwenye mguu, mguu huvimba na kuuma, na donge linaweza kusafiri mpaka kwenye mapafu na kuua.

NAMBARI ZA KUKUMBUKA

HB ya mwanamume mzima kwa kawaida huwa kati ya 13 na 16 na kitu, na ya mwanamke kati ya 12 na 15 na kitu. Madaktari huanza kuuliza maswali HB ikipita 16.5 kwa mwanamume, au 16 kwa mwanamke. Katika kile kipimo kinachoitwa hemogramu kuna pia nambari inayoonyesha chembe nyekundu zimechukua sehemu gani ya damu yote. Ikipita asilimia 49 kwa mwanamume au 48 kwa mwanamke, inatakiwa kuchunguzwa.

Nambari moja iliyopimwa mara moja haitoshi kumwita mtu mgonjwa. Ni lazima kipimo kirudiwe.

SABABU ZAKE

1. Maji yamepungua mwilini. Tukianza na lile jepesi, tuchukue sufuria ya uji. Ukiiacha motoni kwa muda mrefu, uji unakuwa mzito. Je, unga umeongezeka? Hapana, ni maji yamekauka. Mtu aliyehara, aliyetapika, aliyevuna mananasi mchana kutwa bila kunywa maji, au aliyelala na pombe, anaweza kupimwa na HB ikaonekana juu. Akinywa maji ya kutosha na kupimwa tena siku nyingine, nambari inarudi mahali pake. Dawa zingine za presha, zile za kukojoza, nazo hupunguza maji. Lakini usiache dawa ya presha kwa sababu hiyo. Mwambie daktari unazitumia, yeye ataamua.

2. Kuishi juu milimani. Ukipanda juu, hewa huwa nyepesi na mwili huongeza chembe. Jambo hilo lilipimwa kwenye milima ya Peru mwaka 1890 na daktari Mfaransa, François-Gilbert Viault. Hapa kwetu Thika na Ruiru tuko karibu mita 1,500 juu ya bahari, kwa hiyo nyongeza yetu ni ndogo. Iten ni karibu mita 2,400, na hiyo ni moja ya sababu wakimbiaji wanakwenda kufanya mazoezi huko. Hii ni kazi ya kawaida ya mwili. Lakini mtu wa Murera mwenye HB ya 19 asiseme ni milima. Milima ya Murera haitoshi kuleta 19.

3. Sigara na moshi wa makaa. Hapa tusimame kidogo, kwa maana hapa ndipo vikundi vyetu vina kazi. Sigara ikiwaka, na makaa yakiwaka mahali pasipo na hewa ya kutosha, hutoka hewa iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu. Inashikamana na chembe nyekundu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoshikamana nayo. Ni kama kibarua aliyebebeshwa gunia la mawe badala ya kahawa. Yuko njiani, anatoa jasho, lakini anachobeba hakina faida. Figo zinaona oksijeni haifiki, zinaita vibarua wengine. Ndiyo maana mvutaji wa sigara wa miaka mingi anaweza kuwa na HB ya juu na bado akose pumzi akipanda mlima mdogo.

Na baridi ya Julai sote tunaijua. Watu wanaingiza jiko la makaa chumbani, wanafunga dirisha na kuziba mlango kwa gunia. Hewa ile ikiwa nyingi haingoji kuongeza damu. Inaua usiku huo huo, familia nzima ikiwa imelala. Hata lile jiko lenye udongo ndani, ambalo lilianza kuenea Kenya miaka ya 1980 na linapunguza makaa tunayonunua, halizuii hewa hiyo. Linaokoa pesa, lakini ndani ya chumba kilichofungwa linaua kama lingine.

4. Mapafu, moyo na usingizi. Mama aliyepika kwa kuni miaka 30 katika jikoni lisilo na dirisha anaweza kuharibika mapafu ingawa hajawahi kuvuta sigara. Kijana wa machimbo ya mawe anayemeza vumbi kila siku bila kufunga pua yuko hatarini pia. Hata aliyepona TB mapafu yake yanaweza kubaki na makovu. Mapafu yakiwa mabovu oksijeni haiingii vizuri, na figo zinaanza ile kazi ya kuita chembe zaidi.

Kuna watoto waliozaliwa na tundu kwenye moyo au mishipa isiyokaa sawa. Midomo na ulimi huwa na rangi ya zambarau, kucha nazo hivyo hivyo, na mtoto akikimbia kidogo anachuchumaa ili apate pumzi. Mtoto kama huyo HB yake inaweza kuwa juu sana. Akina mama, msifurahi kwamba mtoto ana damu. Mpelekeni kwa daktari haraka. Hospitali ya Mater jijini Nairobi, iliyoanzishwa na Masista wa Huruma mwaka 1962, kwa miaka mingi imekuwa na mbio za hisani za kuchangia upasuaji wa moyo wa watoto.

Wako pia watu wanaokoroma sana na kukata pumzi wakiwa wamelala. Mke anasikia kimya, halafu mume anashtuka kama mtu anayetoka majini. Hiyo nayo hunyima mwili oksijeni usiku.

5. Figo, na sindano za kuongeza nguvu. Uvimbe kwenye figo, hata saratani, unaweza kutoa EPO ovyo wakati mwili hauihitaji. Lakini siku hizi kuna watu wanaojidunga wenyewe. EPO ilianza kutumika hospitalini mwishoni mwa miaka ya 1980 ili kusaidia wagonjwa wa figo, ambao damu yao hupungua. Kwa mgonjwa huyo ni dawa ya kuokoa maisha. Kwa kijana mzima anayetafuta medali ni wizi na ni hatari.

Nchi yetu imeaibika kwa jambo hili. Rita Jeptoo, mshindi wa Boston na Chicago, alipatikana na EPO mwaka 2014. Jemima Sumgong, mwanamke Mkenya wa kwanza kushinda dhahabu ya marathoni ya Olimpiki, Rio 2016, alipatikana nayo mwaka 2017. Wote wawili walifungiwa. Mwaka 2016 Kenya ilipitisha sheria ya kupambana na dawa hizo, na shirika la ADAK likaundwa. Hatuwataji ili tuwahukumu. Tunawataja kwa sababu vijana wetu wanakimbia, na siku moja mtu atawaambia kuna sindano ndogo tu. Mwambieni kijana kwamba damu inakuwa nzito, na moyo wake ndio utakaoisukuma. Hata wale wa kuinua vyuma wanaojidunga homoni za kiume, HB yao hupanda vivyo hivyo.

6. Ugonjwa wa uboho wenyewe. Mwisho kuna ugonjwa usiotokea mara nyingi, ambapo uboho hutengeneza chembe bila kutumwa na figo. Vibarua wanajileta wenyewe bila kuitwa. Unaitwa polisithemia vera. Ni aina ya saratani ya damu inayokwenda polepole, na mara nyingi huwapata watu wa miaka 60 na zaidi. Mwaka 2005 wataalamu waligundua kwamba karibu wagonjwa wote wana badiliko moja katika chembe za uboho, liitwalo JAK2. Kwa hiyo kuna kipimo chake. Hauambukizi. Sio uchawi wala laana ya mababu. Ukitibiwa vizuri mtu anaweza kuishi miaka mingi akilima shamba lake.

DALILI ZA KUANGALIA

Wengine hawana dalili yoyote mpaka siku ya kiharusi. Lakini tuangalie haya:

- Kichwa kuuma mara kwa mara, kizunguzungu, na masikio kulia.
- Macho kuona giza giza au mawimbi.
- Mwili kuwasha sana baada ya kuoga maji ya moto, bila vipele.
- Mikono na nyayo kuwaka kama zimeshikwa na moto.
- Macho kuwa mekundu. Kwa ngozi yetu nyeusi wekundu wa uso hauonekani kwa urahisi, kwa hiyo tazama macho, midomo na viganja.
- Tumbo kujaa upande wa kushoto chini ya mbavu, ambako wengu huvimba, na mtu kushiba upesi.
- Mguu mmoja kuvimba na kuuma.

Mdomo ukipinda ghafla, mkono ukikosa nguvu, au maneno yakikwama, usingoje asubuhi. Hiyo ni safari ya hospitali saa hiyo hiyo.

TUFANYE NINI, NA TUSIFANYE NINI

Ukipewa nambari ya juu, kunywa maji ya kutosha na urudi kupimwa siku nyingine. Ikibaki juu, nenda na karatasi zote mbili mpaka hospitali kubwa kama ile ya Thika, na umweleze daktari ukweli: sigara, pombe, kuni, kazi ya vumbi, kukoroma, sindano na dawa zote. Daktari atatafuta sababu kabla ya kutibu, kwa maana kila sababu ina njia yake. Mvutaji wa sigara dawa yake ya kwanza ni kuacha sigara. Mwenye ugonjwa wa uboho hutolewa damu kwa vipimo mpaka zile chembe zishuke chini ya asilimia 45, na mara nyingi hupewa aspirini kidogo kila siku. Wengine huongezewa dawa ya kupunguza kazi ya uboho.

Sasa sikieni vizuri. Tukisema "hutolewa damu" hatusemi mtu achanjwe kwa wembe nyumbani. Wembe huleta virusi vya UKIMWI, homa ya ini na pepopunda, na hakuna anayejua ni damu kiasi gani imetoka. Hiyo ni kazi ya hospitali. Aspirini nayo usijinunulie, inaweza kutoboa tumbo.

Na mama mjamzito asije akaacha tembe zake za madini ya chuma kwa sababu ya maneno ya leo. Kwetu hapa wanaopungukiwa damu ni wengi kuliko wanaozidiwa. Bitiruti, terere, managu na maini hayaleti ugonjwa huu kwa mtu mzima wa afya. Endeleeni kula. Ila aliyekwisha kuambiwa na daktari kwamba ana polisithemia vera asimeze tembe za kuongeza damu bila ruhusa.

KAZI YA KIKUNDI

Mtu mmoja hawezi kubomoa ukuta wa jikoni peke yake. Kikundi kinaweza. Tunapendekeza mambo manne.

La kwanza, ule mchango wa mzunguko, raundi moja kwa mwaka iwe ya jikoni. Kila mwanachama akipokea, afungue dirisha, atoboe njia ya moshi juu, na ajenge jiko la kuni lililoboreshwa. Wanachama waende kuona kazi imefanyika, kama tunavyokwenda kuona ng'ombe aliyenunuliwa.

La pili, kabla ya baridi kila kikundi kiweke sheria: jiko la makaa halilali ndani. Watoto wafundishwe pia, maana ndio watakaotukumbusha.

La tatu, wahudumu wa afya ya jamii wanaotutembelea waalikwe kwenye mikutano. Watupime presha, na watuelekeze ni nani aende kupimwa HB. Aliye na karatasi ya zamani chini ya godoro ailete aonyeshe.

La nne, SHA ilichukua nafasi ya NHIF mwezi wa Oktoba 2024. Mweka hazina aulize kila mwanachama kama amejiandikisha na kama michango yake iko sawa. Kungoja siku ya kuugua ni kuchelewa.

Mtakatifu Paulo aliwakumbusha Wakorintho kwamba mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu. Hekalu linahitaji madirisha. Na wazee wetu walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Basi ufa wetu tumeuona. Ni moshi, ni sigara, ni vumbi, na ni ile tabia ya kufurahia nambari bila kuuliza maana yake.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Katika nyumba zetu, ni jikoni ngapi hazina dirisha? Tuhesabu kwa majina ya wanachama.
2. Ni nani kati yetu anafanya kazi ya vumbi au moshi kila siku, na anajikinga namna gani?
3. Je, kuna mtu aliyewahi kuambiwa HB yake iko juu? Alirudia kipimo?
4. Tutaanza na nyumba ya nani, na lini?

Swali la nne lijibiwe kabla hamjafunga mkutano, na katibu aandike tarehe. Mungu awabariki katika kazi zenu.